Kwa nini mlinzi kwenye komedi lazima awe amelala?

SWALI: Mume wangu ni mlinzi wa kampuni binafsi, analinda jengo moja la Area D, zamu ya usiku. Mimi nauza chakula karibu na Soko la Majengo. Tunaishi Nkuhungu. Jioni watoto wanaangalia vichekesho, wakati mwingine kwenye king'amuzi, wakati mwingine kwenye simu yangu. Humo kila mlinzi amelala, kila mama ntilie ni mmbea, na dada wa kazi karibu kila mara anaongea kwa lafudhi ya kwetu, Kigogo. Juzi kijana wangu wa darasa la sita alimwigizia baba yake jinsi mlinzi anavyopiga saluti. Sebule nzima ikacheka, isipokuwa baba yake. Nilipomkanya kijana, wifi yangu akasema nakuza mambo, ule ni utani tu. Je, nina haki ya kuudhika? Kwa nini watu wa hali yetu wanaigizwa hivi? Na je, niwakataze watoto kuangalia?
— Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Dada yangu, haki unayo. Nimeanza na hilo kwa sababu wifi yako ametumia neno zito. Hakuna mtu wa nchi hii asiyeujua utani, na watu wa mikoa ya kati mnaujua kuliko wengi. Mtani akija msibani anaweza kujilaza njiani jeneza lisipite mpaka apozwe na chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini siku akifiwa yeye, zamu ni yako. Ukimtania leo, kesho atakutania, tena mbele ya watu walewale. Ndiyo maana utani hauumizi: kila mmoja ana zamu yake, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina.

Sasa huyo mlinzi wa kwenye kioo, zamu yake ya kujibu iko wapi? Mwenye kamera yuko Dar es Salaam, mume wako yuko getini Area D. Mmoja anasema, mwingine anasemwa, na habari inaishia hapo. Mwambie wifi yako kwamba hilo lina jina jingine, na hata kama tutaliita utani, ni utani wa upande mmoja.

Tukitazame kichekesho chenyewe kwa karibu, kwa sababu kinarudiwa sana kiasi kwamba hatukioni tena. Gari linapiga honi getini. Mlinzi amesinzia kwenye kiti cha plastiki, koti la baridi limemfunika hadi masikioni ingawa jua ni la saa saba. Anakurupuka, kirungu kinadondoka, anapiga saluti kwa mkono wa kushoto, kisha anamsalimia bosi kwa Kiswahili kilichopinda. Bosi anamfokea kupitia upenyo wa dirisha, kioo chenyewe hakijashuka hata nusu. Mlinzi anakimbilia geti, analisukuma upande usiofunguka. Kicheko kimepatikana, tunahamia kwingine.

Hatukuambiwa kwa nini amelala. Pengine ameunganisha zamu mbili kwa sababu wa kumpokea hakutokea. Pengine akitoka hapo anashinda na bodaboda ya mtu hadi alasiri, kwa sababu kodi ya chumba inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo na mshahara wa mwezi mmoja hauigusi. Weka sentensi moja tu ya namna hiyo kwenye kile kichekesho, uone kitakachotokea. Kicheko hakifi. Kinahama. Kinamtoka mlinzi kinamwendea bosi asiyeshusha kioo, au kampuni inayomkesha mtu kazini saa ishirini na nne halafu inamkata mshahara kwa kusinzia. Mwandishi wa kichekesho anajua kinaweza kuhama. Ameamua kisihame, au hakupata muda wa kufikiri, na mara nyingi ni hilo la pili.

Kwa hiyo ukiniuliza ninapima vipi komedi ya watu wa kipato cha chini, sihesabu ni mara ngapi maskini amechekwa. Maskini wanacheka na kuchekana kuliko mtu yeyote. Nenda kwenye ua wa nyumba ya wapangaji sita wanaotumia LUKU moja, siku umeme unapokatika na kila mmoja anaapa kwamba pasi haikuwa yake. Ninachotazama ni kama huyo mtu ana kazi inayoonekana, ana akili ya kuifanya, na kama anapata nafasi ya kujibu. Mlinzi wa kwenye vichekesho vingi hana hata kimoja. Ana sare tu.

Mama ntilie naye ni vilevile. Kazi yako inaanza kabla ya alfajiri. Kuna hesabu ya mkaa, ya mchele uliopanda bei, ya mteja wa mkopo anayesubiri mwisho wa mwezi, ya marejesho ya kikoba, na Mungu aepushe, ya wale wa mikopo ya kausha damu wanaokuja mpaka penye sufuria. Mtu anayefanya hesabu zote hizo kichwani huku anapakua ni mhusika mwenye utajiri ambao mwandishi yeyote angeutamani. Kwenye komedi anabaki na mdomo na kanga. Wahudumu, makonda, mafundi, dada wa kazi: wote wanaingia wakiwa wameshavalishwa tabia, na kazi zao hatuzioni zikifanyika.

Kuna mgawanyo mwingine ambao ukishauona huwezi kuacha kuuona. Kwenye televisheni zetu, tajiri amepewa tamthilia na maskini amepewa komedi. Mgogoro wa familia yenye ngazi za marumaru na magari mawili uani unapigiwa muziki wa huzuni, kamera inausogelea uso polepole, chozi linadondoka kwa utaratibu. Mgogoro uleule, mume na mke na pesa zisizotosha, ukihamishiwa kwenye chumba kimoja cha kupanga unageuka mbio za kufukuzana na mwiko. Tajiri akichekwa, mara nyingi ni yule aliyepata pesa juzi na bado hajui kutumia uma. Maana yake hata hapo kinachochekwa ni alikotoka.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni ya kale kuliko televisheni. Bara hatukuwa na televisheni kabisa mpaka vituo binafsi kama ITV vilipoanza mwaka 1994, lakini vichekesho tulikuwa navyo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, watu wawili wa kubangaiza ambao watu wa rika langu bado wanawakumbuka kwa sauti. Vikundi vya sanaa kama Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), vilipanda jukwaani vikiwa na ngoma, kwaya, taarabu, sarakasi, na katikati vichekesho. Mchekeshaji wa ukumbi ana dakika chache, ukumbi una kelele, watu wanakunywa. Lazima ajulikane ni nani kabla hajafungua kinywa. Suruali inapandishwa hadi kifuani na kufungwa kamba, uso unapakwa chokaa, lafudhi inachaguliwa. Mavazi ndiyo yanayoongea. Wachekeshaji walipohamia kwenye kioo walihama na sanduku lao la mavazi, na halikuwahi kufunguliwa upya.

Sababu ya pili ni pesa, na hii nitaipita haraka. Kipindi cha kila wiki kinahitaji vichekesho vipya kila wiki, kikundi ni kidogo, bajeti ni ndogo, mdhamini anauza sabuni au vocha na hataki watazamaji wanune. Anayebanwa hivyo anashika kilicho karibu.

Nisiwaonee wachekeshaji. Wengi wametoka uswahilini hukohuko, na wanapoigiza mtaa wanaigiza nyumbani kwao. King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alicheza mara nyingi mzee asiye na kitu, bahili, mwenye visingizio. Lakini yule mzee alikuwa na akili ya kumzunguka mtu yeyote. Ulimcheka, na ulijua kwamba dakika ijayo atakuacha wewe ukiwa mjinga. Na Ze Comedy walipoanza EATV, kabla ya kwenda TBC na kuitwa Orijino Komedi, kilichowafanya watu wakimbilie nyumbani kuwatazama ni kwamba waliigiza vigogo. Mwananchi wa kawaida aliona mkubwa akigezwa sauti na mwendo, akafurahi. Huo ulikuwa utani wenye zamu: kwa mara moja zamu ilikuwa ya walio chini. Mizengwe ya ITV, Futuhi ya Star TV kule Mwanza, kila moja ilikuwa na siku zake za namna hiyo na siku zake za suruali ya kamba.

Wala usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Richard Butsch, alipitia komedi za familia za nchi yake tangu 1946 hadi 1990. Aliona baba mwenye kazi ya mikono akirudi kila kizazi kwa jina jipya na ujinga uleule: Ralph Kramden wa The Honeymooners, dereva wa basi wa Brooklyn mwenye mipango ya utajiri isiyofika popote, Archie Bunker wa All in the Family, msimamizi wa upakiaji mizigo, Homer Simpson, ambaye watoto wako pengine wanamjua. Ana moyo mzuri, hana akili, mke anamzidi, na wakati mwingine hata watoto wanamzidi. Baba daktari au mwanasheria kwenye komedi hizohizo ana busara na watoto wanamsikiliza. Na familia za wafanyakazi wa mikono zilikuwa chache mno kwenye kioo kulinganisha na wingi wao nchini. Hoja yake ambayo mimi naiona ina uzito zaidi ni hii: ukimwonyesha mwanaume wa kipato cha chini kama mtoto mkubwa, umeshaeleza bila kusema kwa nini yuko chini. Yuko chini kwa sababu ndivyo alivyo. Suala la mshahara halitaulizwa tena.

Hapo ndipo mume wako aliponyamaza, nadhani. Saluti ile ya kuchekesha ilimfikia mbele ya watoto wake, na ndani yake kuna jibu la swali ambalo hajawahi kuulizwa: kwa nini baba ni mlinzi?

Umeuliza pia, ingawa si moja kwa moja, kama mambo haya yanamgeuza mtoto kweli. Kuna watu watakuambia ni picha tu. Dodoma yenu ina historia kwenye swali hili. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi na mwenye wanawake kila kituo, aliyeishia kuugua UKIMWI. Watafiti walitaka kujua kama mchezo wa redio unabadilisha watu, kwa hiyo hadi 1995 kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine muda huo, ili mkoa wenu ulinganishwe na maeneo yaliyosikiliza. Kama ulikuwepo na hukumjua Mkwaju miaka ile, ndiyo sababu. Waliosikiliza waliongeza matumizi ya uzazi wa mpango kuliko wasiosikiliza, na mchezo ulipofunguliwa Dodoma mabadiliko yakafuata huko pia. Hadithi inaingia. Na angalia kwamba Mkwaju alikuwa mtu wa hali ya chini, mwenye kasoro kubwa, na sijasikia aliyelalamika kuwa madereva wametukanwa, kwa sababu alikuwa na kazi, njia, mke mwenye maamuzi yake, na kila alilofanya lilikuwa na sababu na lilikuwa na mwisho.

Lakini kuingia kwake hakuko sawa kwa kila mtu. Archie Bunker niliyemtaja aliumbwa ili ubaguzi wake uchekwe. Mwaka 1974 Vidmar na Rokeach walichapisha utafiti kuhusu watazamaji wa Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba watu wenye ubaguzi mwingi walielekea kumwona Archie ndiye mwenye hoja. Kicheko kilekile, masikio mawili. Mtoto wa mlinzi na mtoto wa bosi wanaweza kukaa kochi moja wakacheka pamoja, kila mmoja akaondoka na kitu chake. Wa bosi anaondoka na uhakika. Wa mlinzi anaondoka na aibu kidogo, na dawa ya haraka ya aibu ni kuwahi kucheka kabla hujachekwa. Kijana wako hakumdharau baba yake. Nadhani alikuwa anawahi.

Sasa lafudhi. Hili linastahili aya yake, kwa sababu hapa dharau ya hali na dharau ya kabila zimefungwa kamba moja. Mgogo kwenye vichekesho ana kazi mbili, ombaomba na mfanyakazi wa ndani, na zote zinasemwa kwa sauti ileile ya kuburuza. Watu wanacheka kana kwamba kuomba ni mila. Ugogo unapata mvua za wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote zimebanana kati ya Desemba na Aprili, na zikikata wiki tatu wakati mbaya mtama unakufa umesimama. Kati ya 1917 na 1920 ilikuja njaa ya Mtunya: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita, kisha ukame ukamalizia. Watu walitawanyika kutafuta chakula kwa sababu akiba yao ilikuwa imechukuliwa na wenye bunduki. Wazee wenu wanayo simulizi hiyo. Mchekeshaji wa Dar es Salaam hana, na anachokiona yeye ni mama na mtoto kwenye taa za barabarani. Hajawahi kumwona Mgogo akipogoa mizabibu, hajamwona mfugaji akibishana bei mnadani mpaka dalali akaomba maji. Hao nao wanachekesha, tena sana, lakini ili uwaigize lazima uje.

Na hawaji. Dodoma inaonekana kwenye televisheni karibu kuliko mji wowote nje ya Dar es Salaam, ila kinachoonekana ni ukumbi wa Bunge. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mji umepata majengo ya Mtumba, watumishi wapya, nyumba za kupanga zilizopanda bei, na watu wa Chang'ombe na Nkuhungu wanaowapikia, kuwalinda na kuwabeba kwa bodaboda. Afisa aliyetoka Masaki analalamikia vumbi, mwenye nyumba Mgogo anamwongezea kodi kwa upole mkubwa sana. Hiyo ni komedi ya kitabaka imejileta yenyewe. Sijui tunasubiri nini.

Wakenya walishaonyesha kuhusu mlinzi hasa. Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyechezwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa bawabu aliyemficha mkewe kazi yake; nyumbani alijulikana kama mtu wa ofisini. Mtu mzima, mnene, mwongo, anayechekesha kuanzia anapotembea. Lakini kilichochekwa pale ilikuwa ile hofu ya kuonekana mdogo, hofu ambayo mwenye suti halisi anayo vilevile. Mtazamaji aliyekuwa bawabu aliona siri yake imesemwa na mtu anayeijua. Tofauti na yule wa kiti cha plastiki ni kubwa, ingawa wote wawili ni walinzi na wote wawili ni vichekesho.

Kukataza watoto nisingekushauri. Utaficha king'amuzi, wataangalia kwa jirani au kwenye kibanda umiza, na sasa klipu fupi za simuni ni kali kuliko vipindi vya zamani kwa sababu hazina mhariri. Kaa nao mara mojamoja, na kichekesho kikiisha uliza swali dogo, kama anayeuliza chumvi: huyu mlinzi alilipwa lini? Huyu dada wa kazi analala chumba gani? Usihutubie. Watoto wana akili ya haraka kwenye mambo haya, na baada ya muda wataanza kuuliza wenyewe, wakikukera katikati ya kipindi.

Kijana wako usimwadhibu kwa kuigiza. Kuigiza vizuri kiasi cha sebule nzima kucheka ni kipaji, na wanafunzi wangu wa maigizo wa mwaka wa kwanza wengi hawajakifikia. Muombe amuulize baba yake, siku ya mapumziko, zamu ya usiku inakuwaje: nani anarudi saa tisa na hataki jina lake liandikwe kwenye daftari la getini, nani anaacha funguo na kusahau, nani ana cheo kikubwa na anaogopa mbwa. Mlinzi anajua mambo ya jengo zima. Baba akishaanza kusimulia, zamu ya kujibu imemrudia, na nina hakika wakubwa wa lile jengo hawatatoka salama. Kijana aandike kurasa mbili, aigize upya, safari hii baba akiwa mwandishi mwenza.

Akimaliza nitumie. Kila muhula tunatafuta maigizo mafupi ya kufanyia mazoezi, na wa kiti cha plastiki tumeshamcheza vya kutosha.